Anayesikia Sauti Hasemi Uongo

Hivi karibuni mzazi mmoja alitujia baada ya swala ya Isha. Kijana wake husikia akiitwa na watu wasiokuwepo, na nyumbani wamekwisha kumwita mwongo.

Tulimweleza kwamba sikio halisikii peke yake. Ubongo hujifunza kwa mazoea, kisha hukisia kitakachofuata. Ndiyo maana mama anayenyonyesha hushtuka usiku akidhani mtoto amelia, kumbe amelala.

Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha jaribio lao. Watu walioneshwa picha pamoja na mlio, mara nyingi, hata wakazoea. Baadaye picha ikaja bila mlio, na baadhi yao wakasema wameusikia. Waliozoea kusikia sauti katika maisha yao, wawe wagonjwa au wazima, ndio waliodai hivyo zaidi. Na wenye maradhi ya akili walichelewa kutambua kuwa mlio umeondolewa.

Basi kijana huyo hasemi uongo, wala si dhaifu wa imani. Huenda makisio ya ubongo wake yanaishinda habari inayoletwa na masikio. Msimcheke, msimkaripie, wala msimfunge kamba. Mpelekeni hospitali mapema huku mkimwombea. Dua na dawa hazigombani.

Mzazi yule alinyamaza, kisha akasema, "Nami nilimpiga." Jumatatu tulifuatana nao hospitali.

Wabillahi tawfiq.