Kibati kikirudi skuli, mtoto aachiwe nafasi ya kujibu

Wapenzi wa ngoma na michezo ya jukwaani kisiwani Pemba wana ubishi usiokwisha. Ngoma za zamani zirudishwe kama zilivyokuwa, au zifupishwe na kubadilishwa ili watoto wa leo wazipende? Huko Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, ubishi huu huwa mkali zaidi likiguswa suala la kibati, kwa sababu kibati hakitazamwi kwa macho peke yake. Ni mchezo wa maneno.

Kwa asiyekijua, kibati ni ngoma ya Pemba ambayo watu hujibizana haraka haraka huku ngoma zikipigwa. Maneno hutungwa papo hapo. Mmoja hutupa, mwenzake hudaka na kurudisha, kisha wengine huitikia kwa wimbo na kucheza. Kwa lugha ya leo ni igizo la nyimbo la familia nzima: mkubwa hucheka kwa fumbo, mdogo hucheka kwa vituko, na bibi aliyekaa ukumbini hucheka kwa sababu anamjua anayesemwa.

Kwenye ubishi huo wapo wanaosema kibati kikiguswa kimekufa. Kwao, ngoma iliyokatwa iwe ya dakika 10 kwa ajili ya sherehe na wageni imebaki jina tu. Wapo wanaosema mtoto aliyezoea kutazama katuni kwenye simu hawezi kukaa akasikiliza majibizano marefu ya mambo asiyoyajua, na kwamba bora kibati kifupi kuliko kibati kilichosahauliwa. Na wapo wazazi wanaouliza jambo jengine kabisa: mwanangu atapata faida gani?

Swali hilo la tatu ndilo la mzazi, na jibu lake linagusa afya. Nyimbo na maigizo hutumiwa skuli kufundishia watoto kujikinga na maradhi, na kwa Pemba somo moja halikwepeki: kichocho. Kwa hiyo kabla ya kuamua kibati kirudi vipi, ni vyema kutazama ugonjwa wenyewe umefika wapi, na kwa nini elimu peke yake haijaumaliza.

Ugonjwa uliopungua bila kuondoka

Kichocho kilichopo Pemba ni cha mkojo. Mgonjwa akikojoa ndani ya mto au bwawa, mayai ya vimelea huingia kwenye maji na kuanguliwa. Vimelea hivyo huingia kwenye konokono wadogo wa maji baridi, huzaliana humo, kisha hutoka wakiwa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mtoto akiingia kuoga, kufua, kuchota au kucheza, vijidudu hupenya ngozi yake. Hahitaji kuyanywa maji hayo wala kuwa na kidonda. Mguu uliolowa unatosha.

Dalili inayojulikana zaidi ni damu kwenye mkojo, pamoja na maumivu wakati wa kukojoa. Baadhi ya watoto hupungukiwa damu, hudumaa na kuchoka darasani. Ugonjwa ukiachwa miaka mingi huharibu kibofu na figo, na unaweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wasichana na wanawake huweza kuathiri viungo vya uzazi, kuleta maumivu na kutokwa damu, na hata kufanya kupata mimba kuwe kugumu. Hili la mwisho halisemwi sana majumbani, na mara nyengine dalili zake hudhaniwa kuwa ni za ugonjwa wa zinaa, jambo linalomfanya msichana anyamaze.

Katika miaka ya 1980, zaidi ya nusu ya watoto wa skuli Pemba walikuwa na kichocho. Vidonge vya praziquantel vilivyoanza kugawiwa kwa wingi kuanzia muongo huo vilibadilisha hali. Wawi yenyewe ina nafasi yake katika kazi hiyo: ndipo ilipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa vimelea kutoka Italia. Leo watoto wengi wa Pemba hukua bila kuona damu kwenye mkojo wao.

Hata hivyo, kidonge huua minyoo iliyomo mwilini siku hiyo. Hakimkingi mtoto na maji ya kesho. Akirudi kwenye bwawa lile lile, anaweza kuambukizwa tena.

Wanajua, na bado wanakwenda mtoni

Zanzibar haikukosa elimu. Kitabu cha picha cha Juma na Kichocho kilitumika katika skuli za Unguja, na baadaye kikapimwa pia Pemba. Watoto waliokisoma waliongeza ujuzi wao kuhusu ugonjwa. Kati ya mwaka 2011 na 2017 ulifanyika mradi mkubwa zaidi wa kujaribu kukitokomeza kichocho, uliohusisha shehia 90, yaani 45 za Unguja na 45 za Pemba. Shehia zote zilipata dawa. Baadhi ziliongezewa dawa ya kuua konokono. Nyengine ziliongezewa kazi ya kubadilisha tabia: walimu walifundishwa mbinu za kuwashirikisha watoto, ikaanzishwa michezo salama isiyohitaji maji, na zikajengwa sehemu za kufulia na za kukojolea.

Matokeo yalifurahisha kwa upande mmoja na kufikirisha kwa upande wa pili. Maambukizi yalishuka sana, na katika shehia nyingi kichocho kikaacha kuwa tatizo kubwa la afya. Lakini hakikukatika, na kwa jumla shehia zilizoongezewa elimu au dawa ya konokono hazikutofautiana sana na zile zilizopewa vidonge peke yake.

Mtu anaweza kusoma hapo kwamba elimu haina kazi. Hiyo si tafsiri ya haki. Mtoto anayetumwa kufua anajua kuwa mto una kichocho, lakini nguo hazijifui zenyewe. Mtoto anayeona joto saa 7 mchana anajua pia, ila wenzake wote wako majini. Anayemkataza akishamaliza kusema, maisha ya nyumbani yanabaki vile vile. Ujuzi unamfika mtoto, wakati mfereji, ndoo na ratiba ya nyumba viko mikononi mwa mkubwa.

Wimbo wa amri na mchezo wa majibizano

Hapa ndipo ubishi wa wapenzi wa kibati unapogeuka kuwa jambo la mzazi. Nyimbo nyingi za afya zinazotungiwa watoto ni za amri: usifanye hiki, fanya kile. Watoto huziimba vizuri siku ya wazazi, wageni wakapiga makofi, na kesho yake kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Mtoto amehifadhi, hakuulizwa.

Kibati hakiendi hivyo. Kwa asili yake kinamtaka anayeambiwa ajibu, tena ajibu mara moja, mbele ya watu. Tuchukue mfano. Mtoto mmoja anacheza nafasi ya mama, mwenzake nafasi ya mwana. Mama anasema, mwanangu usiende mtoni, kuna kichocho. Mwana anarudisha, sawa mama, basi sare ya skuli nifulie wapi? Mama anasema kwenye mfereji. Mwana anasema mfereji ulitoka maji juzi. Mama anatafuta la kusema, ngoma zinaendelea, ukumbi unacheka, na wazazi wa kweli waliokaa kwenye mikeka wanajikuta wamepata swali lisilojibika kwa wimbo.

Mtoto huyo angesema maneno hayo nyumbani, angeambiwa ana mdomo. Ndani ya mchezo anaruhusiwa, kwa kuwa anayesema ni kibati. Watu wa pwani wameitumia ruhusa hii miaka mingi: jambo zito husemwa ndani ya ngoma, na anayelengwa hulisikia bila kuvunjiwa heshima. Ndiyo thamani kubwa ya kibati kwa afya ya familia. Kinamfikishia mzazi taarifa ambayo hakuna mtu mwengine aliye nayo, yaani sababu halisi inayompeleka mtoto majini.

Kwa hiyo wanaotaka kukirudisha skuli wana hatari mbili za kukwepa. Wanaokifungia kwenye maneno ya zamani neno kwa neno wanakiua kwa heshima, kwa sababu maneno ya kibati hayakuwahi kuwa ya kuhifadhi. Na wanaokigeuza kuwa tangazo la afya lililoandikwa na watu wazima, mtoto akakariri pande zote mbili za majibizano, wanakiua kwa nia njema. Cha kushikilia ni mwendo wa ngoma, uitikiaji na uhuru wa kujibu. Maneno yawe ya leo.

Si Pemba peke yake

Ubishi wa namna hii upo kila penye igizo la nyimbo linalopendwa na familia. Watoto wengi wa Afrika Mashariki wanamjua Simba wa The Lion King, filamu ya mwaka 1994 yenye majina ya Kiswahili kama Rafiki na Pumbaa. Mwaka 1997 hadithi hiyo ilipandishwa jukwaani Broadway, New York, ikatumia vinyago na vikaragosi badala ya katuni, na maonyesho yake yameendelea kwa miaka mingi. Mwaka 2019 ilitoka filamu mpya ya hadithi ile ile, wanyama wakafanana na wa porini kabisa, na wapenzi wengi wa ile ya zamani wakalalamika kuwa nyuso zimepoteza hisia.

Somo lake ni dogo na linafaa. Lile la jukwaani lilibadilisha karibu kila kinachoonekana na likapendwa. Lile lililofuata hadithi kwa ukaribu ndilo lililonung'unikiwa. Kufanana na la zamani siyo dhamana. Watu hutafuta uhai uliokuwemo, na uhai wa kibati ni jibu lisilotarajiwa.

Yanayomhusu mzazi

Skuli au kikundi kikitaka kuwaingiza watoto katika mchezo kama huu, mzazi ana haki ya kuuliza mambo machache kabla ya kukubali au kukataa.

Kwanza, saa. Mazoezi yasigongane na chuo wala yasile usingizi. Mtoto wa umri wa skuli ya msingi anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Ngoma ya alasiri inayomalizika kabla ya magharibi humpa mtoto mazoezi ya mwili bila kumnyima usingizi, na humwondolea mzazi wasiwasi wa usiku. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na kucheza ngoma kumo ndani ya hesabu hiyo.

Pili, maneno. Kibati kina utani, na utani wa watu wazima si wote unaofaa kwa watoto. Ulizia mada, siyo kila neno. Na mtoto mgonjwa asigeuzwe kichekesho: anayekojoa damu asionyeshwe jukwaani kama mchafu, maana atakayekuwa na dalili hizo ukumbini atazificha.

Tatu, kinachofuata baada ya makofi. Mtoto akiuliza ndani ya mchezo atafulia wapi, wakubwa wakae na mwalimu na sheha walijadili. Penye maji ya mto tu, maji ya kuogea yaliyochotwa na kuwekwa kwa siku mbili kwenye chombo kilichofunikwa, bila konokono ndani, hayana tena vijidudu hai vya kichocho. Kuyachemsha pia kunaviua. Wakati wa kuchota, mchotaji asiingie majini, au aingie kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana. Vijidudu hutoka kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, kuanzia asubuhi iliyochelewa hadi mchana, ingawa hakuna saa iliyo salama kabisa.

Nne, vidonge. Siku ya kugawa dawa mtoto apelekwe akiwa ameshakula, kwani kidonge tumboni mtupu huweza kuleta kichefuchefu na maumivu ya tumbo. Kwa walio chini ya umri wa skuli, dawa ya praziquantel iliyotengenezwa maalumu kwa ajili yao iliidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2024, hivyo inafaa kumuuliza mhudumu wa kituo cha afya kama imefika.

Mtoto mwenye damu kwenye mkojo apelekwe kituoni kupimwa bila kungojea siku ya kugawa dawa. Na mtoto wa kike anayelalamika maumivu ya chini ya tumbo au kutokwa damu kusiko kwa kawaida, mama au shangazi amsikilize kwanza kabla ya kumuuliza amefanya nini, kisha amtajie mhudumu kwamba msichana huyo amekulia karibu na mto.