Mnaita ya majini, ikiwa ya Tom Ford mnaita ya kishua

Nimechoka na hii stori. Nikipanda mat ya Wendani nikiwa nimejipulizia La Yuqawam ya Rasasi, lazima msee afungue dirisha aseme nanuka kama mganga. Msee huyohuyo akinusa Tuscan Leather ya Tom Ford, iliyotoka 2007, anaita ya kishua. Jamani, hizo mbili ni kama ndugu! Zote zinaanza na rasiberi na zafarani, kisha inakuja ngozi, ile ya koti jipya, na ubani kwa mbali. Rasasi ni ya Dubai na bei yake ni ya chini, basi ndiyo majini?

Lamu na Mombasa watu wamefukiza nguo za harusi kwa udi vizazi na vizazi. Nanyi mkienda likizo Diani mnasifu "harufu ya Pwani". Ikifika Thika Road inageuka uchawi.

Halafu mnahukumu kwa dakika mbili. Matunda huruka kwanza, ngozi hubaki mwilini hadi jioni. Jipulizie mara moja (wenye kupuliza mara sita mnatuua, hilo nakubali), ngoja masaa matatu, ndio uongee.