Daktari wa Meno Apimwe kwa Mizani Gani?

Kila mwaka matokeo ya KCSE yanapotangazwa, magazeti hujaa picha za watahiniwa waliobebwa juu juu na jamaa zao. Waandishi wa habari wakiwauliza wangependa kusomea nini, wengi hujibu papo hapo: udaktari! Miongoni mwao wapo wanaotaja udaktari wa meno, na humu shuleni mwetu pia wamo. Ni jambo la kutia moyo. Hata hivyo, liko swali ambalo ningependa tulijadili, wanafunzi wenzangu pamoja nanyi walimu wetu wapendwa. Mtu anayetaka kuinamia kinywa cha binadamu mwenzake akiwa na sindano mkononi, je, achaguliwe kwa mtihani mmoja wa mwisho, au achaguliwe kwa kazi yote aliyoifanya darasani miaka nenda miaka rudi?

Maoni yangu nitayatoa mapema ili msomaji asije akadhani ninazunguka mbuyu. Mtihani wa kitaifa uendelee kuwa na uzito mkubwa, lakini usiachiwe uzito wote. Kazi ya darasani nayo ihesabiwe, mradi ipimwe kwa haki. Na mikono ya mtahiniwa itazamwe.

Kwanza, tuangalie mambo yalivyo hapa kwetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari wa meno mwaka 1974. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret pia kinafundisha fani hiyo. Masomo huchukua miaka mitano, kisha daktari mpya hufanya kazi hospitalini mwaka mmoja chini ya uangalizi kabla ya kuruhusiwa kujitegemea. Nafasi ni chache, na wanaozitaka ni wengi kama siafu. Anayegawa nafasi za serikali ni KUCCPS, shirika lililochukua mahali pa JAB. Nalo linapogawa hutazama matokeo ya KCSE. CAT ulizofanya kidato cha pili hazimo. Mitihani ya katikati ya muhula haimo. Hata mock iliyokukosesha usingizi, haimo ng'o!

Lakini msidhani kwamba mtihani ukiwa mmoja basi hakuna cha kupima uzito. Alama ya A katika somo ni pointi 12, kwa hivyo masomo saba ni pointi 84. Halafu kuna masomo manne yanayohusiana na kozi yenyewe, ambayo jumla yake ni pointi 48. Hesabu iliyotumika kwa miaka mingi ni hii: pointi zako za masomo manne zigawe kwa 48; pointi zako za masomo saba zigawe kwa 84; zidisha majibu hayo mawili; tafuta kipeuo cha pili; kisha zidisha kwa 48. Hapo ndipo unapata kile tunachokiita kwa mkato klasta.

Sasa tuchukue watahiniwa wawili. Wa kwanza amepata A katika masomo yote manne, yaani 48, lakini katika matatu yaliyobaki amepata C+ mbili na B- moja. Jumla yake ni 70. Wa pili amepata A- katika yale manne, yaani 44, na A tatu katika hayo mengine. Jumla yake ni 80. Piga hesabu mwenyewe. Wa kwanza atapata karibu 43.8, na wa pili karibu 44.8. Loo! Aliye hodari zaidi katika Bayolojia na Kemia ameachwa nyuma na mwenzake kwa sababu ya Historia na Dini! Sisemi kwamba ni kosa. Huenda daktari anayejua mambo mengi ndiye bora. Ninalosema ni kwamba uzito unaopewa kila alama ni uamuzi wa binadamu. Haukushuka kutoka mbinguni, na kwa hivyo tuna haki ya kuujadili.

Tena wanachama wa Chama cha Kiswahili watafurahi kukumbushwa kwamba pamoja na Bayolojia, Kemia, na Hesabu au Fizikia, anayetaka kusomea meno huhitaji pia lugha: ama Kiingereza ama Kiswahili. Na ni sawa kabisa. Mama muuza samaki wa Mwembe Tayari hataeleza maumivu ya gego lake kwa Kilatini!

Wenzetu wa Marekani wana njia nyingine. Kule mtu husoma chuo kikuu kwanza, kwa kawaida miaka minne, ndipo aombe nafasi ya kusomea meno kwa miaka mingine minne. Alama zake za chuoni, tangu muhula wa kwanza, hutafutiwa wastani uitwao GPA, na kilele chake kwa kawaida ni 4.0. Juu ya hayo hufanya mtihani uitwao DAT. Mtihani huo hupima Bayolojia, Kemia, hesabu na ufahamu. Una pia sehemu ya kupima jicho: mtahiniwa hupanga pembe kuanzia ndogo hadi kubwa, huhesabu michemraba iliyorundikwa, na hukisia karatasi iliyokunjwa na kutobolewa itakuwa na matundu wapi ikikunjuliwa. Zamani alama zake zilitolewa kutoka 1 hadi 30, na tangu Machi 2025 hutolewa kutoka 200 hadi 600. Vyuo hutazama GPA na DAT, na barua za walimu, na mahojiano. Uingereza nako wanao mtihani wao, UCAT, ulioanza mwaka 2006 ukiitwa UKCAT. Huo hauulizi Bayolojia hata kidogo. Hupima namna mtu anavyofikiri, anavyosoma, anavyotumia takwimu na anavyoamua la kufanya akikutana na jambo gumu kazini.

Basi huko Marekani swali linalowakera wanafunzi ni hili: aliye na GPA ya chini na DAT ya juu, na aliye na GPA ya juu na DAT ya chini, ni nani bora? Kwangu mimi swali hilo ni kama kuuliza kati ya mguu wa kulia na wa kushoto ni upi unaotembea. GPA inasema huyu mtu alivumilia. Aliamka asubuhi hata siku ambazo hakuna aliyemtazama. DAT inasema huyu mtu, akiwekwa kwenye mstari mmoja na wengine wote, anasimama hapa. Hilo lina maana kwa sababu A ya chuo kimoja si lazima ilingane na A ya chuo kingine. Kila kipimo kinajibu swali lake, na kimoja hakiwezi kujibu swali la mwenzake.

Turudi nyumbani. Mtihani wa kitaifa una fadhila moja kubwa ambayo hatupaswi kuitupa. Karatasi inayofunguliwa Mandera ndiyo inayofunguliwa Kisumu na Kwale. Anayesahihisha haoni sura yako wala hajui baba yako ni nani. Anaona nambari tu. Mtoto wa mkulima asiye na mjomba serikalini anaweza kumpita mtoto wa mkubwa, na hakuna wa kumuuliza. Hiyo si haki ndogo katika nchi yetu.

Hata hivyo, mtihani huo una udhaifu wake. Ajali haina kinga. Mtahiniwa anaweza kupatwa na malaria wiki ile ile ya karatasi za Kemia, au kufiwa na mzazi, na bidii ya miaka minne ikaenda na maji. Pili, jambo likiwa na uzito wote, wajanja nao hulikimbilia. Mwaka 2015 matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 wa KCSE yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu, na Machi 2016 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, akaivunja bodi ya Baraza la Mitihani. Mwaka 2015 waliopata A walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016, ulinzi ulipokazwa, walikuwa 141 tu! Sina maana kwamba wote wa mwaka wa kwanza walikuwa na mwakenya mifukoni, la hasha. Lakini tofauti kama hiyo inatufundisha kwamba A nayo ina hadithi yake, na inafaa kuuliza imepimwa vipi kabla ya kuipigia magoti.

Je, kazi ya darasani haina udhaifu? Unao, tena si haba! Mwalimu wa shule moja ni mkali kama pilipili, na wa shule jirani anagawa alama kama njugu. Yuko mwalimu ambaye mkuu wake anataka shule ionekane nzuri, na yuko mzazi atakayekuja na kuku mkononi. Tukisema tu kwamba alama za shule zihesabiwe, halafu tuachie hapo, tutakuwa tumeondoa mwizi mmoja na kukaribisha watatu.

Tena hili si jambo la kufikirika tu. Wadogo zetu wa Gredi ya 10 tayari wamepimwa hivyo. Walipofanya KJSEA ya kwanza mwaka 2025, mtihani wenyewe ulihesabiwa asilimia 60. Asilimia 20 zilitoka katika KPSEA waliyofanya Gredi ya 6, na asilimia 20 zilitoka katika tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Sisi wa 8-4-4 tunaelekea ukingoni, kwani KCSE ya mwisho inatarajiwa mwaka 2027. Baadaye nafasi za udaktari wa meno zitagawiwa vijana waliozoea mizani ya namna nyingine. Kwa hivyo wakati wa kujadili ni sasa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Pendekezo langu ni hili. Anayetaka kusomea udaktari wa meno, mtihani wa mwisho umpe asilimia 70. Kazi ya shuleni impe 20, lakini sampuli za kazi hiyo zisahihishwe tena na mtu wa nje asiyemjua mwanafunzi wala shule. Si jambo jipya. Katika KCSE tayari kuna mradi wa Kilimo na wa Kompyuta ambao hufanywa shuleni kwa muda mrefu na kuhesabiwa. Asilimia 10 zilizobaki zitokane na mahojiano na zoezi dogo la mikono na jicho, lifanywe katika kila kaunti bila malipo ili asiyekuwa na nauli ya Nairobi asiachwe nje. Atakayeng'oa meno yetu aonyeshe kwamba mkono wake hautetemeki na kwamba anaweza kumtuliza mtu mwenye hofu.

Najua kuna atakayesema, "Lakini shule nyingine hazina maabara!" Kweli kabisa. Hata hivyo, mtihani wa mwisho nao una karatasi ya vitendo ya Kemia, na asiye na maabara huumia huko huko. Dawa ya hilo ni kujenga maabara. Hakuna mizani inayoweza kuficha chumba ambacho hakipo.

Sasa nisemeje kwetu sisi tulio madarasani leo? Humu mabwenini kuna usemi mmoja unaonikera: "Hiyo ni CAT tu, bwana! Mimi nitaamka kidato cha nne." Wapo walioamka kweli, sikatai. Lakini hata kama CAT haihesabiwi na KUCCPS, inahesabiwa na kichwa chako. Aliyelala miaka mitatu halafu akakariri kwa miezi mitatu anaweza kuokota alama nzuri, lakini kule chuoni atakuta miaka mitano ambayo haikaririki. Jino la pembe si dawa ya pengo.

Nanyi walimu wetu, mkitupa alama, tupeni tulizostahili. Alama ya huruma ni tamu siku ya kufunga shule tu. Siku moja alama hizo zitaamua nani apewe kiti chuoni, na mtoto wa shule ambayo mwalimu wake alisema ukweli asije akanyimwa nafasi kwa sababu ya ukweli huo.

Mwisho, ndugu msomaji, jiulize swali moja. Siku utakapolala kwenye kile kiti kirefu, taa ikikumulika usoni na mdomo ukiwa wazi, ungependa anayekuinamia awe amechaguliwa vipi? Ukishapata jibu, njoo tubishane. Chama chetu hukutana kila Alhamisi baada ya vipindi, na mlango uko wazi.