Gesi ya Kivu: ghala ni letu, jiko lingali la makaa

Wahenga walisema akiba haiozi. Mfanyabiashara wa vitunguu wa soko la Mahoko, hapa Kanama, anaujua ukweli huo. Wakati wa mavuno bei huanguka, na mwenye pa kuhifadhi husubiri. Vitunguu vikiadimika, yeye ndiye anayepanga bei.

Makampuni ya nishati ya Ulaya hufanya biashara hiyo hiyo kwa gesi. Kiangazi, bei ikiwa nafuu, huisukuma chini ya ardhi, katika visima vilivyokwisha gesi yake na mapango ya chumvi. Baridi ikifika huitoa na kuiuza. Ghala hilo ni mali kubwa hata siku ambayo halikuuza kitu, kwa kuwa mwenye nalo halazimiki kununua kwa bei ya shida. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipovuruga biashara ya gesi, Umoja wa Ulaya ulizitaka nchi zake zijaze maghala hayo hadi asilimia 80 kabla ya Novemba 1.

Sisi hatukuhitaji kuchimba ghala. Mwenyezi Mungu ametupa Ziwa Kivu, ambalo chini yake kumehifadhiwa takriban mita za ujazo bilioni 60 za methani. Uzito wa maji ndio mlango wake. Bomba likishushwa mita 350 hivi, maji hupanda na gesi hutoka yenyewe, kama soda iliyofunguliwa. Kiwanda cha bia cha Gisenyi kilianza kuitumia gesi hiyo tangu mwaka 1963. Mtambo wa KivuWatt kule Karongi, uliozinduliwa mwaka 2016, una megawati 26, na ule wa Shema Power hapa Rubavu ulijengwa kwa megawati 56.

Umeme huo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, mama wa Kanama hapiki maharage kwa umeme. Anapika kwa kuni na makaa, na milima yetu ndiyo inayolipa. Mwenye uwezo kidogo hununua mtungi wa gesi iliyovuka bahari na kusafirishwa kwa lori kutoka bandari za Afrika Mashariki. Barabara ikikwama au dola ikipanda, bei ya mtungi nayo hupanda, huku ghala likiwa mlangoni petu.

Ni kweli, methani haiingii katika mtungi wa kawaida wa nyumbani. Inahitaji kusafishwa, kushindiliwa kwa nguvu na kuwekwa katika mitungi imara zaidi. Mwaka 2019 serikali ilitia saini mkataba na Gasmeth Energy kwa ajili ya kazi hiyo. Huo ndio mkataba ambao wananchi wanapaswa kuufuatilia, na katika kila mkataba ujao wa umeme tudai sehemu ya gesi itengwe kwa ajili ya jiko, pamoja na bohari za akiba karibu na masoko.

Ghala hili pia lina wenyewe wawili. Tangu mwaka 1975 Rwanda na Zaire zilikubaliana kuwa gesi ni mali ya pamoja. Uvunaji wa pupa upande mmoja unaweza kuvuruga matabaka ya maji yanayoizuia gesi, na hatari hiyo haitaulizia kitambulisho mpakani. Mwaka 1986 Ziwa Nyos, Kamerun, lilitoa hewa ya kaboni iliyoua watu wapatao 1,700. Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos.

Ndugu zangu mliorejea nchini, nanyi mnaovuka mpaka kila asubuhi na mizigo kichwani, mnajua kuwa faida ya ghala haimo katika wingi wa magunia. Imo mikononi mwa aliye na ufunguo. Tuulize basi: ufunguo wa Kivu anao nani, na lini atalifungulia jiko la Kanama?