Kikundi kinapokodi katamarani, idadi ya watu itangulie bei

TAHARIRI

Vikundi vya wakulima na wafanyabiashara wadogo vina desturi njema ya kumaliza mwaka wa hesabu kwa mapumziko ya pamoja. Mikopo ikisharejeshwa na gawio likishatolewa, wanachama huketi na kujadili safari. Wengi huishia kwenye basi la kukodi na chakula cha pamoja. Wapo hata hivyo wanaotazama baharini, na kukodi boti pamoja na nahodha na mabaharia wake kwa ajili ya kikundi kizima.

Boti inayotajwa sana katika safari za namna hiyo ni katamarani. Ni boti yenye matumbo mawili yaliyounganishwa kwa sitaha pana juu yake. Asili ya neno hilo ni lugha ya Kitamil ya India Kusini, ambako lilikuwa na maana ya magogo yaliyofungwa pamoja. Mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu, kwani ngalawa yenye matengo yake mawili hutegemea kanuni ile ile: upana huleta utulivu.

Kwa kikundi cha watu wasioizoea bahari, sifa hiyo si ndogo. Katamarani haiyumbi sana kama boti ya tumbo moja inapotia nanga, hivyo wanaosumbuliwa na kichefuchefu hupata nafuu. Sitaha yake huwapa watu nafasi ya kukaa na kula pamoja. Aidha, haihitaji kina kirefu cha maji, na kwa sababu hiyo hufika karibu na mafungu ya mchanga na fukwe ambazo boti nyingine huziangalia kwa mbali.

Lakini utulivu huo huo ndio unaodanganya. Katamarani iliyojazwa kupita kiasi huzama zaidi majini na hupoteza mwendo, na mawimbi huanza kugonga sitaha kutoka chini. Boti ya matanga ya tumbo moja yenye uzito mkubwa chini ya mkuku inaweza kujiinua yenyewe baada ya kulazwa na upepo. Katamarani ikipinduka haijirudishi. Abiria aliyekaa kwa starehe juu ya sitaha pana hawezi kujua kwa macho kwamba uzito umezidi.

Hapo ndipo hesabu ya kikundi inapoweza kuleta hatari. Tuseme boti inakodishwa Sh2,400,000 kwa siku. Watu 12 wakichangia, kila mmoja atatoa Sh200,000. Wakiwa 16, mchango unashuka hadi Sh150,000, na wakifika 20 ni Sh120,000 tu. Mweka hazina yeyote anayewapenda wanachama wake atavutwa na hesabu hiyo. Mmoja atamleta mkwe wake, mwingine watoto wawili, na kila kichwa kinachoongezeka kinapunguza mchango wa wengine. Hakuna aliyekusudia kuijaza boti, lakini boti imejaa.

Nchi hii imekwisha kulipa gharama kubwa kwa makosa ya aina hiyo. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria karibu na Kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, lakini waliokufa peke yao walikuwa 228. Ile ilikuwa safari ya kawaida ya wananchi na mizigo yao, si ya mapumziko, lakini maji hayatofautishi kati ya msafiri wa sokoni na msafiri wa starehe.

Kwa hiyo viongozi wa kikundi wanapaswa kuhesabu watu kwanza, wakiwamo watoto, ndipo watafute boti. Orodha ikishafungwa isifunguliwe tena. Idadi inayoruhusiwa isiulizwe kwa mdomo, bali isomwe kwenye cheti cha boti. Kwa Tanzania Bara, masuala ya usalama wa vyombo vya majini yako chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililochukua jukumu hilo kutoka SUMATRA mwaka 2018. Zanzibar ina Mamlaka ya Usafiri Baharini, na Kenya ina Mamlaka ya Bahari.

Ni vema pia kufahamu kwamba mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, unakihesabu chombo kinachosafiri kati ya nchi na nchi kikiwa na abiria zaidi ya 12 kuwa ni meli ya abiria, yenye masharti makali zaidi. Ndiyo sababu boti nyingi za kukodi za safari za siku kadhaa, duniani kote, huishia wageni 12 au chini yake. Boti za safari za siku moja ndani ya nchi zinaweza kuruhusiwa kubeba zaidi, kadiri cheti chake kinavyosema. Kikundi cha watu 24 kinachotaka kulala baharini kijiandae kukodi boti mbili zinazofuatana, au kiende kwa zamu.

Jambo jingine ni tofauti kati ya idadi ya mchana na ya usiku. Boti inayobeba watu 20 kwa saa chache inaweza kuwa na vyumba vinne tu vya kulala watu wawili wawili. Nahodha, mpishi na baharia nao wanahitaji mahali pa kulala. Nahodha aliyekesha kwenye kiti si mtu wa kukabidhiwa roho za watu asubuhi.

Kuhusu wahudumu, kikundi kiombe kuona cheti cha nahodha na kuuliza amefanya kazi katika maji hayo kwa muda gani. Kabla ya kung'oa nanga, kila abiria aonyeshwe jaketi lake la kuokolea maisha na namna ya kulivaa, na watoto wapatiwe ya ukubwa wao. Redio ya mawasiliano, vifaa vya kuzimia moto na sanduku la huduma ya kwanza vionekane kwa macho. Mwenye boti anayekasirika kwa kuulizwa maswali hayo amekwisha kujibu.

Majira nayo yanahitaji kuangaliwa. Wakulima wengi hupata fedha na nafasi baada ya mavuno, mwezi Julai na Agosti, na huo ndio wakati kusi linapovuma kwa nguvu. Safari haizuiliki, lakini ichaguliwe njia iliyokingwa, kama upande wa magharibi wa Kisiwa cha Unguja, badala ya kuvuka mkondo wa Pemba au kwenda Mafia kwa boti ndogo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari pale upepo unapotarajiwa kuzidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi kuzidi mita mbili. Tahadhari hizo zisikilizwe. Siku za bamvua, maji hupwa mbali sana na abiria hulazimika kutembea majini kuifikia boti, jambo linalowapa taabu wazee.

Mkataba wa maandishi ni wa lazima, na uwe kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti. Uonyeshe wazi kama bei inajumuisha mafuta, chakula, maji ya kunywa na ada za hifadhi za bahari kama zile za Bongoyo, Mbudya na Mafia, ambazo hutozwa kwa kila mtu. Katika visiwa vya Karibi, ambako biashara hii imekomaa, wageni wengi hulipa bei moja yenye chakula na vinywaji ndani yake. Katika bahari ya Mediterania, ni kawaida kukodi boti peke yake na kuweka akiba ya takriban asilimia 30 ya kodi kwa ajili ya matumizi, ambayo nahodha huitolea hesabu na kurudisha kinachobaki. Mfumo wowote unafaa, mradi kikundi kiujue kabla ya kutoa fedha. Malipo yafanywe kwenye akaunti ya kampuni na kwa risiti, si kwenye simu ya mtu binafsi.

Kifungu kinachosahaulika zaidi ni kile cha hali mbaya ya hewa. Wanachama waliosafiri usiku kucha kwa basi kutoka Singida au Njombe hawapendi kuambiwa bahari imechafuka. Watamshinikiza nahodha, na nahodha anayeogopa kurudisha fedha anaweza kukubali. Mkataba ukieleza mapema kwamba safari itaahirishwa hadi siku nyingine au fedha zitarudishwa, shinikizo hilo litapungua. Nahodha anayekataa kuondoka siku ya upepo mkali ndiye wa kukodiwa tena.

Wenye boti nao wana wajibu. Idadi ya abiria iandikwe kwa herufi kubwa mahali ambapo kila anayepanda ataiona. Mamlaka husika zisiishie kukagua bandari kubwa, kwani boti za matembezi huondokea fukweni, mbali na geti na karani. Na kila kikundi kikumbuke kwamba akiba iliyochukua mwaka mzima kukusanywa haistahili kuwekwa rehani kwa sababu ya punguzo la shilingi elfu hamsini kwa kichwa.