Hisa za Vodacom: Mwekezaji wa Manyoni alinunua nini?

MKAZI wa Manyoni mwenye akiba kidogo hahitaji mchambuzi kutoka Dar es Salaam amweleze kuwa huduma ya M-Pesa inatumika. Katika mji huu wa Mkoa wa Singida, uliopo kwenye Reli ya Kati na barabara itokayo Dodoma, mnunuzi wa alizeti hulipa kwa simu, na mzazi humtumia mwanawe nauli kwa simu. Hata hivyo, foleni kwenye kibanda cha wakala ni jambo moja na thamani ya hisa ni jambo jingine. Historia ya Vodacom Tanzania katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) inathibitisha hilo.

Itakumbukwa kuwa kampuni hiyo haikwenda sokoni kwa hiari yake. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yaliyalazimu makampuni ya simu kuuza asilimia 25 ya hisa zake kwa umma. Mwaka 2017 Vodacom iliuza hisa milioni 560 kwa Sh850 kila moja, ili kukusanya Sh476 bilioni. Muda wa mauzo uliongezwa, na hatimaye wageni nao wakaruhusiwa kununua. Agosti 15, 2017 hisa hizo ziliorodheshwa. Aliyenunua hisa 100 alitoa Sh85,000, fedha ambazo kwa mkulima wa Manyoni si za kuchezea.

Swali la kwanza la mwekezaji huwa ni nani anaongoza. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Mwaka 2018 kampuni ilimtangaza Sylvia Mulinge, Mkenya kutoka Safaricom, kuwa Mkurugenzi Mtendaji mpya, lakini Serikali ilimnyima kibali cha kazi. Nafasi hiyo ikashikwa na Hisham Hendi, ambaye Aprili 2019 alifikishwa mahakamani Dar es Salaam pamoja na maofisa wengine kwa mashtaka yaliyohusu matumizi ya mitambo ya mawasiliano. Shauri hilo lilimalizika muda mfupi baadaye kwa kulipwa mabilioni ya shilingi. Mwaka 2021 akaingia Sitholizwe Mdlalose, na mwaka uliofuata Philip Besiimire.

Kwa hesabu hiyo, mwenye hisa aliyeingia mwaka 2017 alishuhudia viongozi wakibadilika mara kadhaa katika miaka mitano. Wapo watakaosema kuwa mwenye kampuni hasa ni Vodacom Group ya Afrika Kusini, yenye asilimia 75, hivyo sura iliyo mbele haina uzito. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ndiyo inayopaswa kumtia mashaka mwanahisa mdogo: kiongozi anateuliwa na mwenye hisa mkubwa, anaidhinishwa na Serikali, naye mwenye hisa 100 anasoma habari gazetini.

Swali la pili ni lile la nguvu ya ushindani. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na kwa miaka kadhaa wingi wa wateja ulikuwa ukuta wenyewe: kila mtu alitaka mtandao ambao ndugu zake walikuwemo. Ukuta huo ulitobolewa kidogo kidogo. Halotel iliingia mwaka 2015 ikilenga zaidi vijijini. Mwaka 2016 Vodacom ilijiunga na utaratibu wa kutumiana fedha kati ya mitandao, na mwaka 2017 mteja akaruhusiwa kuhama kampuni bila kubadili namba. Tigo nayo iliuzwa kwa Axian, na mwaka 2024 ikabadili jina kuwa Yas.

Kilichobaki kuwa vigumu kuigwa ni mawakala. Kibanda chenye fedha taslimu na salio la kutosha siku ya mnada hakijengwi kwa tangazo la redio. Lakini hata hicho kina udhaifu, kwa kuwa wakala yuleyule huweka mezani simu za mitandao mitatu au minne, na hapangi nani apate faida.

Zaidi ya washindani, ipo mikono ya watunga sheria. Julai 2021 Serikali ilianzisha tozo ya miamala ya simu. Malalamiko yalikuwa makubwa. Tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo, kisha ikalegezwa tena mwaka 2022. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022 kampuni ilipata hasara, kama ilivyokuwa mwaka uliotangulia. Bei ya hisa, iliyopanda siku za mwanzo, ilishuka chini ya Sh850 na kukaa huko kwa muda mrefu.

Tangu mwaka wa fedha ulioishia Machi 2023 kampuni imerejea kwenye faida, na mwanahisa anayo haki ya kutazama gawio lake kwa matumaini. Lakini asidhani kwamba bei isiyotikisika ni dalili ya imani. Katika soko ambalo hisa nyingi zimeshikwa na mmiliki mmoja na wanunuzi wa kila siku ni wachache, bei inaweza kusimama mahali pamoja kwa sababu tu hakuna anayeuza wala anayenunua. Mkazi wa Manyoni anayetaka kuuza hisa zake leo ili alipe ada ya shule Januari hana budi kuanza kutafuta dalali mapema, maana si hakika kuwa mnunuzi atapatikana siku hiyohiyo.