Huo Si Upenyo, Ni Wizi wa Kiti

Leo sina neno laini. Ukinikasirikia, bado nitakuombea.

Mwezi wa nane mwaka wa 2025 mataifa yalikuja mlangoni petu. CHAN ilichezwa Kenya, Tanzania na Uganda, na hapa Nairobi Kasarani ikawaka. Tuliifunga DR Congo 1-0. Tukatoka sare 1-1 na Angola. Tarehe 10 Agosti tukaichapa Morocco 1-0, tena tukiwa wachezaji kumi. Tulishangilia, na sioni dhambi katika furaha hiyo.

Dhambi ilikuwa getini.

Watu wasio na tiketi walisukuma mageti wakaingia kwa nguvu. Na usiniambie wote walikuwa wahuni. Wengine ni watu wa kwaya. Wengine wana Biblia kwenye simu ile ile waliyopigia selfi ndani ya uwanja. Halafu mtu anasema bila haya, "Pasta, Mungu alinipa kibali, nikapata upenyo."

Upenyo gani huo, mpendwa? Upenyo wa Mungu haupitii kwenye ua uliovunjwa. Kibali cha Mungu hakimfungii nje mama aliyelipa tiketi yake ili wewe ukalie kiti chake. Yohana 10:1 inamtaja kwa jina mtu anayeacha mlango na kukwea penginepo. Fungua usome jina lenyewe. Mimi sitakuandikia hapa.

Najua majibu yenu. "Pasta, viongozi wanaiba mamilioni, sisi ni geti tu." Kweli wanaiba, na Mungu atawauliza. Lakini tangu lini dhambi ya mheshimiwa ikawa sabuni ya kuosha yako? Yule anayepora hazina ya umma alianza na kitu kidogo ambacho hakuna aliyemkemea. Mwingine atasema, "Walanguzi walizinunua zote." Basi mlaumu mlanguzi, na kama mlanguzi ni ndugu wa kanisa hili, nina neno naye pia. Kuficha tiketi ili uuze mara tatu ya bei si baraka ya biashara. Ni kumkamua jirani.

Sasa angalia matunda. CAF ilitupiga faini. Uwanja unaobeba watu karibu 48,000 ukawekewa kikomo cha mashabiki 27,000 katika mechi ya Zambia, na tiketi zikawa za kielektroniki pekee. Nani aliumia? Si wewe uliyeruka. Ni kijana aliyeuza jezi na vuvuzela kando ya Thika Road. Ni mama wa mayai na njugu. Ni mtu wa bodaboda. Maelfu ya wateja wao walizuiwa kwa sababu yako. Halafu unaombea uchumi wa Nairobi kwenye kesha!

Yeremia 29:7 inatuagiza tuutafutie amani mji tunaokaa, kwa maana ukistawi nasi tutastawi. Mji hautafutiwi amani kwa maombi peke yake. Nehemia alipomaliza ukuta, aliweka milango na akawapanga wenyeji wa Yerusalemu wenyewe kuwa walinzi, kila mtu mbele ya nyumba yake. Mwenyeji ndiye analinda geti. Sisi wenyeji ndio tulilivunja.

Tena mkumbuke Zakayo. Mfupi, umati umemziba, na anatamani sana kuona. Hakumsukuma mtu, hakuchukua nafasi ya mtu. Alitafuta mti. Na alipokutana na Yesu, aliahidi kurudisha alichonyang'anya mara nne.

AFCON 2027 inakuja, tukiwa wenyeji tena pamoja na Tanzania na Uganda. Uwanja wa Talanta ulikuwa ukijengwa kule Ngong Road mwaka wa 2025. Wageni watakuja na watatusoma sisi kabla ya kusoma Biblia. Kwa hivyo amua leo. Una tiketi? Panga foleni, ingia, piga kelele hadi sauti ikauke. Huna? Runinga ipo, na wokovu wako utabaki salama.

Na kama uliruka geti, usilete ushuhuda madhabahuni. Leta toba.

Baba, tupe mikono safi hata pale ambapo askari hatuoni. Utufanye wenyeji wa kuaminika katika mji huu. Kwa jina la Yesu.

Kama neno hili limekugusa, andika AMINA. Kama limekuuma, andika mara mbili.